Mitupo 85 na kiwiko cha mtoto wa Kibirizi

Siku chache kabla ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, mama mmoja anayeanika dagaa pale Kibirizi alimleta mwanawe kwenye chumba chetu cha fiziotherapia. Mtoto ana miaka 13, yuko kidato cha kwanza, na shuleni kwao ndiye anayetegemewa kwenye kurusha mkuki. Alinipa shikamoo huku mkono wa kulia ameubana tumboni.

Nilimwambia anyooshe mikono yote miwili mbele. Wa kushoto ulinyooka. Wa kulia ulifika mahali ukagoma, kiwiko kikabaki kimepinda kidogo. Nikabonyeza kwa kidole gumba kile kifundo cha mfupa kilicho upande wa ndani wa kiwiko, akavuta pumzi kwa meno na macho yakamjaa machozi. Nikamuuliza, "Jana ulirusha mara ngapi?" Akamtazama mama yake. Mama naye akanitazama mimi. Hakuna aliyehesabu.

Swali hilo nimejifunza kuliuliza kutokana na mchezo ambao hapa Kigoma ni wachache wanaoufuata: besiboli. Kila Agosti nakesha nikitazama fainali za dunia za Little League, shirika la besiboli ya watoto, zinazochezwa South Williamsport, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Mechi ya saa tisa alasiri ya kule kwetu huku ni saa nne usiku, hivyo kazi za nyumbani zinakuwa zimeisha na bando la usiku ni nafuu. Wenzangu hospitalini huniuliza nimepatia wapi mapenzi hayo. Jibu langu ni hilihili: sijaona mashindano mengine ya watoto ambayo yanauhesabu mkono wa mtoto hadharani namna ile.

Niueleze mchezo kwa ufupi. Mtupaji husimama katikati, juu ya kichuguu kidogo, akamtupia mpira mpigaji mwenye rungu. Nyuma ya mpigaji amechuchumaa mdakaji mwenye glovu nene. Mpigaji akiupata mpira vizuri anakimbia kuzunguka vituo vinne, na akirudi alipoanzia timu yake imepata alama. Watu wazima hucheza zamu tisa, na katika kila zamu kila timu hupata nafasi yake ya kupiga. Watoto hawa wa miaka 10 hadi 12 hucheza sita. Uwanja wao nao umepunguzwa. Kutoka kituo hadi kituo ni mita 18.29 badala ya 27.43, na mtupaji yuko mita 14.02 kutoka kwa mpigaji badala ya 18.44.

Little League ilianzishwa mwaka 1939 na Carl Stotz, mkazi wa Williamsport, na fainali za kwanza zikachezwa mwaka 1947. Leo zinashirikisha timu 20, kumi za Marekani na kumi za kutoka sehemu nyingine za dunia. Mwaka 2025 kombe lilikwenda Taiwan, wanaoshiriki kwa jina la Chinese Taipei, baada ya kuifunga timu ya Nevada 7-0. Walikuwa hawajalichukua tangu 1996.

Ila mimi macho yangu huwa kwenye tarakimu nyingine.

Mtu anaporusha kitu kwa nguvu juu ya bega, awe anatupa mpira, mkuki au jiwe la kuangushia embe kule Ujiji, kiwiko hufunguka kwa kasi upande wa ndani. Misuli na kano za upande huo hukivuta kile kifundo nilichokibonyeza. Kwa mtu mzima kifundo kimeshaungana na mfupa wa mkono, kwa hiyo kinachochanika kwanza mara nyingi ni kano. Kwa mtoto hakijaungana. Kati yake na mfupa kuna gegedu laini, mahali mfupa unapokulia, na gegedu hiyo ni dhaifu kuliko kano zinazoivuta. Ukirusha mara kumi, haina neno. Ukirusha mara mia kwa siku, siku tano mfululizo, gegedu huvimba, na mwisho kifundo kinaweza kumeguka. Madaktari wa eksirei wa Marekani walilieleza tatizo hili mwaka 1960, na wakalipa jina la watoto hao hao wa Little League, maana ndio walioonekana nalo.

Kwa miaka mingi watoto waliwekewa ukomo wa zamu za kutupa. Tatizo ni kwamba zamu moja inaweza kuwa na mitupo minane, au ikawa na arobaini. Mwaka 2007 Little League wakaacha kuhesabu zamu, wakaanza kuhesabu mtupo mmoja mmoja. Mtoto wa miaka 11 au 12 haruhusiwi kuvuka mitupo 85 kwa siku, isipokuwa tu kummaliza mpigaji aliyekuwa naye wakati hesabu inafika hapo. Na mapumziko yamepangwa: akitupa 20 au pungufu anaweza kurudi kesho; 21 hadi 35, anapumzika siku moja; 36 hadi 50, siku mbili; 51 hadi 65, siku tatu; akizidi hapo, siku nne. Kuna hata kifungu kinachosema aliyetupa mitupo 41 au zaidi hawezi kuhamia kwenye udakaji siku hiyohiyo, kwa sababu mdakaji naye humrudishia mtupaji mpira mechi nzima.

Ukilijua hilo, utaona mambo ambayo mtazamaji mwingine hayaoni. Utamwona kocha anamtoa mtupaji ambaye hakuna anayeweza kuipiga mipira yake. Jukwaa linashangaa. Wewe ukitazama hesabu unakuta 20 au 35 na unaelewa: anamtunzia mechi ijayo. Kwangu hiyo ndiyo sehemu tamu kuliko zote.

Utafiti nao unaiunga mkono kanuni hiyo ya kuhesabu. Wataalamu wa Marekani waliwafuatilia watupaji 481 wenye umri wa miaka 9 hadi 14 kwa miaka kumi. Waliotupa zaidi ya zamu 100 kwa mwaka walikuwa katika hatari ya kuumia vibaya mara tatu na nusu kuliko wenzao. Walitupa kupita kiasi, basi.

Hapohapo ndipo suala la umri linapoingia, na sisi Waafrika linatugusa. Mwaka 2001 timu moja ya Bronx, New York, ilifutiwa ushindi wake wote ilipobainika kwamba mtupaji wake nyota alikuwa na miaka 14. Watu walizungumzia udanganyifu. Mimi niliwafikiria watoto waliosimama mita 14 mbele ya mkono ule. Mwaka 2011 timu ya Kampala ikawa ya kwanza kutoka Afrika kufuzu, ikanyimwa viza kwa sababu ya kasoro za nyaraka za umri. Yeyote aliyewahi kuhangaikia cheti cha kuzaliwa cha mtoto aliyezaliwa nyumbani, kijijini, kadi ya kliniki imeloa mvua, anaweza kukisia maumivu ya wale wazazi. Timu ya Langley, Kanada, iliyopangwa kucheza nao, ilifunga safari hadi Uganda Januari 2012 ili mechi ichezwe. Agosti ya mwaka huohuo watoto wa Lugazi wakafika Pennsylvania kweli, wakaifunga timu ya Oregon 3-2. Mwaka 2015 wenzao wa Lugazi wakaifunga Jamhuri ya Dominika 4-1. Lugazi ni mji wa mashamba ya miwa. Hauna kitu ambacho Kasulu au Ujiji havina.

Nirudi kwa mgonjwa wangu. Tulimpiga eksirei mikono yote miwili, kwa sababu kiwiko cha mtoto hukisomi vizuri bila kukilinganisha na mwenzake. Kushoto, ule mstari mweusi wa gegedu ulikuwa mwembamba. Kulia ulikuwa umetanuka, kifundo kimesogea kidogo, bado hakijameguka. Mama aliponiona nimekaa kimya akasema, "Daktari, mkono huo ndio unaonisaidia kugeuza dagaa." Nikamwambia: mama, dagaa atageuza kwa kushoto. Mkuki hapana, wiki sita.

Mwalimu wake wa michezo alikuja kesho yake. Simlaumu: ana watoto wengi na mkuki mmoja, na hakuna kanuni aliyopewa. Hakutaka kuniamini mwanzoni, hadi nilipomwekea picha mbili kwenye mwanga wa dirisha. Akazitazama muda mrefu. Kisha akaniuliza swali la maana kabisa: sasa nihesabu mpaka ngapi? Namba za besiboli haziwezi kuhamishiwa kwenye mkuki kama zilivyo, kwa kuwa mkuki ni mzito kuliko mpira. Tulikubaliana kuanza chini sana, mirusho 15 ya nguvu kwa siku ya mazoezi, siku mbili kwa wiki, na anayesema kiwiko kinauma anaacha palepale, hata kama ni fainali.

Mtoto alikosa UMISSETA. Alilia, na sikuwa na la kumfariji siku hiyo. Tulifanya naye mazoezi ya bega na mgongo kwa mpira wa raba, na wiki ya kumi nikaenda kumwona uwanjani. Kando ya mstari alikaa binti wa darasa lake na makopo mawili. Kila mkuki ulipotua alihamisha punje moja ya mahindi kutoka kopo moja kwenda jingine. Punje ya mwisho ilipoingia akanyanyua mkono, na mwalimu akaenda kuuchukua mkuki.