Chambo cha raba huliwa kikishuka: rigi ninazovulia besi Naivasha, na ninavyozishusha hadi kriki zetu

Ijumaa baada ya swala kaja kijana mmoja kwangu hapa Tudor, Mombasa, na mfuko mzima wa vyambo vya raba, minyoo, vidagaa, vikamba, rangi zote unazozijua wewe, kaniambia, "Ami, nimekaa Naivasha siku tatu sijapata hata besi mmoja, niambie rangi gani ndo yenyewe." Nikamwambia hebu nionyeshe chubwi yako kwanza, yaani kile kizito cha kushushia chambo. Akatoa risasi ya gramu 14, na alikuwa akivua kandokando ya mafunjo, maji ya mita moja na nusu hivi. Rangi zake hazikuwa na shida yoyote. Shida ni kuwa chambo chake kilikuwa kishafika kwenye tope kabla samaki hajageuza kichwa.

Mimi kazi yangu ni kufunga rodi na kutengeneza rili, watu wa boti za kitalii wanapita kwangu na watu wa kriki, ile mikono ya bahari inayoingia bara, wanapita kwangu, na kila mwaka mara tatu nne napanda Naivasha kwa ajili ya besi tu. Swali la rangi naulizwa kila wiki. La uzito haliulizwi, na ndilo lenyewe, manake chambo laini hakiliwi kwa sababu kimefika mahali, kinaliwa kikiwa njiani kinashuka. Ukishalielewa hilo, rodi, uzi, ndoana, vyote utavichagua kwa sababu moja, kukifanya kile kitu kianguke vile unavyotaka wewe.

Na mimi pia sikulijua. Safari yangu ya kwanza Naivasha nilibeba vitu vya bahari, uzi wa nailoni wa kuhimili ratili 40, risasi nzito, kama naenda kuvua chewa nje ya mwamba. Siku ya kwanza bure, siku ya pili bure. Mzee aliyekuwa anatuendeshea boti alinyamaza muda mrefu halafu akaniuliza kwa upole, "Mtu wa Mombasa, hiyo risasi ni ya nini?" Nikamjibu, mzee, ni ya kufikisha chambo chini. Akasema, "Saa hizi hayuko chini. Amekaa kivulini anangoja kitu kianguke." Akatoa kisu, akaikata risasi, akanifungia mnyoo mtupu bila uzito wowote, nikarusha ubavuni mwa mafunjo nikaacha. Sikuhisi chochote mkononi, niliona tu uzi unatembea kwenda kushoto, taratibu, kama mtu anauvuta na kidole. Alikuwa samaki wa kilo moja na kitu, na toka siku ile sijavua tena kama zamani.

Kwa wasiomjua, besi mdomo mpana asili yake ni Amerika Kaskazini, aliletwa Naivasha miaka ya 1920 kwa ajili ya uvuvi wa michezo. Ziwa lenyewe liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari kwa hivo asubuhi kuna baridi, beba sweta. Tabia yake mtu wa Pwani ataielewa upesi, ni kama chewa, hakimbizani na chakula mbali, anajificha kando ya kitu, kitu kikipita anafungua lile domo na maji yanaingia na chakula ndani yake, yaani anakivuta. Akikuta kitu kigumu anakitema papo hapo, akikuta kitu laini anakaa nacho kidogo, na hizo sekunde mbili ndo riziki yako. Hapo ndipo raba inashinda vyambo vya mbao na vya plastiki ngumu. Mnyoo wa kwanza wa plastiki laini wa kuuzwa alitengeneza Nick Creme kule Akron, Ohio, mwaka 1949, wakipika yeye na mkewe jikoni kwao, na mpaka leo umbo halijabadilika sana, ni mnyoo tu.

Haya, rigi zangu, yaani namna ninavyofunga ndoana, chubwi na chambo pamoja.

Ya kwanza na ninayoipenda kuliko zote ni fimbo ya raba bila uzito. Senko ya Yamamoto ya inchi 5 ndo mfano wake, haina mkia wa kucheza, haina miguu, ukiiona dukani utaona kama kalamu tu na watu wengi wanaipita. Ndani yake imejaa chumvi, chumvi ndiyo inayoipa uzito, moja inakaribia gramu 10, kwa hivo unairusha mbali bila chubwi na inashuka imelala, ncha mbili zinatetemeka kidogo kidogo. Wewe hufanyi kitu. Watu hili linawashinda kabisa, wamezoea kuvuta, mkono unawasha. Rusha, acha uzi ulegee kidogo, ikifika chini inua ncha ya rodi kama unanyanyua kifuniko cha sufuria, halafu iache ishuke tena. Naifunga na ndoana ya ofset ya saizi 4/0, ile yenye kona karibu na tundu, ncha naifukia ndani ya raba isikamate majani. Ama naichoma katikati na ndoana ndogo ya 1/0, wanaiita waki, hapo inashuka ncha zote mbili zikipiga kama mabawa, ni nzuri ajabu kwenye maji matulivu lakini raba inachanika upesi, kwa hivo vika kipete cha mpira katikati na upitishe ndoana chini ya kipete, mnyoo mmoja utakuchukua samaki watatu wanne badala ya mmoja.

Ya pili ni rigi ya Texas. Chubwi ya umbo la risasi ya bunduki inatangulia kwenye uzi, halafu ndoana, halafu mnyoo au kikamba. Namna ya kuvika: ingiza ncha ya ndoana kwenye kichwa cha mnyoo kama nusu sentimita, itoe ubavuni, vuta mpaka kichwa kikae kwenye kona ya ndoana, zungusha, halafu laza ndoana juu ya mnyoo uone itaingilia wapi, ndo uchome hapo. Usikisie. Mnyoo ukikunjika hata kidogo utazunguka majini kama feni, uzi utajisokota na samaki hatakuja, na mimi nikiona mnyoo umepinda nautoa nauvika upya hata kama samaki wanaruka mbele yangu. Kwenye mafunjo zuia chubwi isiachane na mnyoo, kipande cha kijiti cha kuchokolea meno kwenye tundu la chubwi kinatosha, manake zikiachana chubwi inapita upande huu wa shina na mnyoo upande ule.

Naivasha hii naifunga na kikamba, si mnyoo. Yule kamba mwekundu wa Louisiana alitiwa ziwani mwaka 1970 na besi wakubwa wanamla sana, kwa hivo kitu cha inchi 3 au 4 chenye magando, rangi ya kahawia ama kijani cha boga, kinashuka karibu na mashina ya mafunjo, hicho ndicho anachokijua. Rangi nishamaliza kwa hiyo sentensi moja: maji mangavu kahawia na kijani, maji ya tope nyeusi na buluu. Mengine ni ya kufurahisha macho ya mvuvi.

Uzito ndo nataka tukae hapo. Nyumbani nina pipa lile la buluu la maji, kimo chake karibu sentimita 90, na kila chambo kipya nakiangusha mle nahesabu. Senko tupu inanichukua sekunde nne hivi. Mnyoo na chubwi ya gramu 3.5 kama mbili. Gramu 14 ukisema moja ishafika. Sasa fikiria maji ya mita moja na nusu, samaki yuko kivulini nusu mita pembeni, ana nafasi gani ya kuona kile kitu kikipita? Kwa hivo sheria yangu ni kuanza na gramu 3.5 na kupanda tu nikilazimishwa, upepo wa mchana wa Naivasha ukianza kupinda uzi napanda 5 au 7, maji yakizidi mita tatu 7 mpaka 10, na 14 naitoa pale tu ninapotaka kutoboa zulia la magugumaji kuingia chini yake. Nunua tangsteni ukiweza, ni ghali lakini ni ndogo kuliko risasi ya uzito uleule na inakuletea mkononi kama uko kwenye jiwe ama tope.

Na uzi wenyewe unabadilisha mshuko, hili watu hawalifikirii. Flurokaboni inazama, bredi, ule uzi wa kusukwa, inaelea, nailoni iko katikati. Ukiifunga Senko kwenye flurokaboni nene inavutwa chini, ukiifunga kwenye bredi yenye lida fupi, yaani kipande cha uzi mwingine mbele karibu na ndoana, bredi inaishika juu kidogo na inashuka polepole zaidi. Mimi kwa rigi nyepesi natumia rodi ya spini ya futi 7, nguvu ya kati, ncha nyepesi, rili namba 2500, bredi ya ratili 15 yenye rangi ya kuonekana, njano ama kijani kibichi, na mbele lida ya flurokaboni ya ratili 10 au 12 urefu wa rodi. Rangi ya bredi ni kwa ajili ya macho yangu, samaki anaiona lida tu. Kwa mafunjo na magugumaji nachukua rodi nzito zaidi, futi 7 na inchi 3, rili ya beitikasta, bredi ya ratili 40 moja kwa moja, manake besi akinaswa tu anarudi ndani ya mashina na una sekunde moja ya kumgeuza. Fundo la ndoana ni Palomar, liloweshe mate kabla ya kukaza.

Halafu angalia uzi, si ncha ya rodi. Anapokivuta chambo kikishuka mara nyingi hakuna mguso. Uzi unaruka kidogo, ama unatembea pembeni, ama unalegea kabla ya wakati wake, umezoea kuhesabu mpaka tano, leo umefika tatu uzi umesimama. Huyo ni samaki. Zungusha rili ule ulegevu uishe, halafu vuta kwa nguvu mara moja.

Kuna rigi ya Ned, nusu ya fimbo ya raba, inchi 2 na nusu au 3, kwenye kichwa cha umbo la uyoga cha gramu 3. Siku ngumu, baridi, samaki wamenuna, inaokoa. Ile raba ya ElaZtech ya Z-Man inaelea kwa hivo ikifika chini inasimama mkia juu kama kikamba kinachojihami. Dropshoti, yaani chubwi mwisho wa uzi na ndoana juu yake sentimita 30 au 40, Naivasha siitumii, mizizi ya magugumaji inaila kila mara.

Msitembee mafunjoni bila mwendesha boti wa pale pale, viboko wanalala humo humo wanamolala besi. Na leseni ukate.

Sasa huku kwetu. Nimezishusha rigi hizi Tudor na kriki ya Mtwapa na zinafanya kazi kwa kolekole na chewa wadogo wa mikokoni, ila si kwa kunakili. Maji ya chumvi ni mazito kuliko ya ziwa, tofauti ni asilimia mbili na nusu hivi, utasema ni kidogo, lakini raba yenyewe imeizidi maji uzito kidogo tu, kwa hivo ile Senko inashuka kivivu zaidi baharini. Ongeza na mkondo wakati wa bamvua, utaona chambo kinasafiri kama jani, hakishuki kabisa. Kwa hivo kriki navua maji mafu, mkondo ukiwa mdogo, ama ile nusu saa maji yakisimama kabla ya kupwa, na naanza na kichwa cha jigi, ndoana yenye chubwi shingoni, cha gramu 7, si 3.5, na kidagaa cha raba chenye mkia wa kasia. Lida naipandisha ratili 30 kwa sababu ya magome ya chaza kwenye mizizi ya mikoko, na mzia akiwepo hata hiyo ataikata.

Adui wa raba huku ni bunju. Anakata mkia kama mkasi, mmoja baada ya mwingine, na pakiti inaisha kabla hujaona kolekole. Hapo ElaZtech ndo inalipa bei yake, inavutika haikatiki kirahisi. Lakini usiiweke kabisa kisanduku kimoja na raba za kawaida, zinayeyushana, jamaa yangu alifungua boksi lake akakuta uji wa rangi. Kila aina iache kwenye pakiti yake, imelala bapa, na usiiache garini jua la Mombasa likipiga. Ikipinda itie maji ya moto sekunde chache, inyooshe, halafu maji baridi, itarudi. Ukitoka kriki osha ndoana na rili kwa maji matamu siku ileile.

Iliyochanika usitupe majini, samaki wanaimeza na haitoki. Mimi naziweka kopo moja, jioni nakaa uani nazishika kwa moto wa kibiriti cha gesi ncha kwa ncha, zinagandana, moshi wake ni mbaya kwa hivo si ndani ya nyumba, na Senko mbili nusunusu zinakuwa moja ya kuvulia tena wiki ijayo.