Kukoroma si dalili ya usingizi mnono

Tangu zamani tunaambiwa anayekoroma amelala fofofo, kazi imemchosha, aachwe. Ni kweli wengi hukoroma bila ugonjwa. Lakini sikiliza mkoromo unaokatika ghafla: kimya, kisha mtu anashtuka akitweta. Hapo koo limeziba na pumzi imekatika kwa sekunde 10 au zaidi. Kwa wengine hutokea zaidi ya mara 30 kwa saa. Oksijeni hushuka, adrenalini, homoni ya mshtuko, hupanda, kifua huvuta hewa isiyopita, na mvuto huo hutanua vyumba vya juu vya moyo. Miaka ikipita, vyumba hivyo huweza kuanza kutetema ovyo, damu ikaganda humo na kuleta kiharusi. Ukimsikia mwenzako hivyo, mpeleke kwa daktari ukaeleze wewe. Mara nyingi yeye mwenyewe hajui.