Fonti inakaa wapi, kwenye kompyuta au kwenye printa?

Wiki iliyopita niliitwa stesheneri moja Kariakoo. Kadi za harusi, kwenye kioo cha kompyuta zina herufi za kujikunja kama maua ya hina. Zikitoka kwenye printa ya leza, herufi zimekuwa za taipureta. Mwenye duka alishanunua kebo mbili mpya za USB. Kebo ingekuwa mbovu, kadi isingetoka kabisa, au ingetoka takataka. Zile herufi za taipureta ni fonti iitwayo Courier, na printa ya PostScript (lugha ya kuielezea printa ukurasa) ikiagizwa fonti isiyokuwa nayo, hukimbilia hiyo.

Ndiyo, printa ina fonti zake. Chukua karatasi ya A4 kwa nukta 300 kila inchi: ni nukta 2,480 kwa 3,508, kama milioni 8.7, na kwa biti moja kila nukta, ni sawa na megabaiti moja na ushee. LaserJet ya kwanza ya HP, mwaka 1984, ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128 na ilipokea kazi kwa kebo ya serial, inayopitisha biti moja moja kwa foleni. Kwa biti 9,600 kwa sekunde, ukihesabu na biti za kuanza na kumaliza kila baiti, picha ya ukurasa huo mmoja ingepita kwenye waya kwa dakika kama 19! Basi kompyuta ilituma namba tu, 65 kwa A, 66 kwa B, na printa ikachora yenyewe kwa maumbo iliyoyahifadhi.

Mengine yalichomwa kiwandani kwenye ROM, kumbukumbu isiyofutika. LaserWriter ya Apple ya 1985 ilikuja na fonti 13: Times, Helvetica na Courier, kila moja kwa sura nne, pamoja na Symbol. Wenye HP walinunua katriji za fonti na kuzichomeka kwenye printa. Njia ya tatu ilikuwa kupakua fonti kutoka kwenye kompyuta hadi RAM ya printa, kumbukumbu yake ya muda, na hapo HP walinichekesha: fonti unayoweza kuiita "ya kudumu" huvumilia printa kuanzishwa upya kwa amri, lakini ukizima swichi imekwenda. Kwa umeme wetu, hiyo ni kudumu mpaka saa nane mchana. Printa za bei mbaya zaidi, kama LaserWriter IINTX, ziliweza kuunganishiwa diski ya kuhifadhia fonti.

Siku hizi kebo zina kasi, kwa hiyo kompyuta hutuma fonti pamoja na kazi yenyewe. Isipokuwa mtu ameikataza. Pale Kariakoo, kwenye dirisha la kuchapa la programu ya usanifu, sehemu ya kutuma fonti ilikuwa imewekwa "None". Nikaibadilisha itume fonti nzima. Kadi ya kwanza ikatoka na mikunjo yake yote.

Kabla ya kuondoka nilichapa orodha ya fonti kutoka kwenye menyu ya printa nikaibandika ukutani. Kebo moja nimeichukua kwa nusu bei.