Utando unaokunywa maji: maswali kuhusu vidonda, mipira ya mkojo na lenzi za macho

Utando huu ni kitu gani?

Ni polima ambayo minyororo yake mirefu ya molekuli imefungamana, kiasi kwamba hupokea maji na kuvimba bila ya kuyeyuka, ikawa laini na yenye kuteleza mfano wa haluwa ya Wete. Ikishavimba huitwa haidrojeli. Sehemu kubwa ya uzito wake huwa ni maji.

Mwanangu aliungua kwa chai ya moto. Mbona amefungwa bandeji ya majimaji, na sisi tumezoea kuacha kidonda kikauke?

Mazoea hayo ni ya zamani, na si hapa Unguja na Pemba tu. Mwaka 1962 mtafiti wa Uingereza, George Winter, alionyesha kwa majaribio ya nguruwe kwamba jeraha la juu juu lililofunikwa kwa utando likabaki na unyevu huota ngozi kwa kasi takriban mara mbili ya lile lililoachwa wazi. Seli mpya za ngozi hutambaa kwa urahisi juu ya uso wenye unyevu, ilhali gaga likishakauka hulazimika kupenya chini yake. Bandeji ya haidrojeli hukipa maji kidonda kikavu, hulainisha nyama iliyokufa na hupunguza maumivu. Tena haigandi kwenye jeraha, tofauti na shashi kavu ambayo ikibanduliwa huondoka na ngozi changa, na mtoto akalia upya.

Hata hivyo, haikifai kila kidonda. Kinachotoa majimaji mengi kinahitaji bandeji ya kunyonya, la sivyo ngozi ya pembeni italowana na kuchubuka. Wekundu ukienea, au pakiwa na harufu mbaya ama homa, mrejeshe mtoto kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na mtu anapoungua, jambo la kwanza ni maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, si barafu wala dawa ya meno, ambayo kwa bahati mbaya bado inapakwa majumbani.

Je, mwani wa Paje na Jambiani hauwezi kutibu vidonda?

Mwani unaolimwa huko hutoa karajinani, inayotumika kugandisha vyakula na dawa ya meno. Bandeji za kunyonya za alginati hutokana na mwani wa aina nyengine, wa rangi ya kahawia: kalisi iliyomo hubadilishana na sodiamu ya majimaji ya kidonda, nyuzi zikageuka jeli. Zote mbili husafishwa kiwandani. Mwani mbichi una chumvi, mchanga na vijidudu, kwa hiyo usiwekwe kabisa kwenye jeraha.

Kwa nini mpira wa mkojo hutiwa maji kwanza?

Baadhi ya mipira imepakwa polima hii, na ikilowana huteleza, hivyo haikwaruzi njia ya mkojo. Fuata muda ulioandikwa kwenye pakiti, kwani ikikauka kabla ya kuingizwa hunata badala ya kuteleza.

Na lenzi laini za macho?

Zilibuniwa Chekoslovakia na Otto Wichterle, kwa polima ya jamii hiyo hiyo inayokunywa maji. Usizioshe kwa maji ya mfereji wala ya kisima, na uzivue kabla ya kuogelea: ameba iitwayo akanthamiba, inayoishi majini, hujishikiza kwenye lenzi na inaweza kuharibu kioo cha jicho. Tumia dawa maalumu ya lenzi tu, ibadilishe kila siku, na jicho likiuma vua lenzi kabla ya kwenda kwa daktari.