Je, wajua kwa nini "Baba Yetu" ya Mkatoliki huisha kabla ya ile ya Mlutheri?

Ukitaka kumtambua Mlutheri aliyealikwa misani, usihangaike kuangalia kama anapiga magoti. Subiri "Baba Yetu". Shemeji yangu mmoja, mtu wa Machame aliyeoa kwetu Kibosho, aliumbuka hivyo siku ya komunyo ya kwanza ya mpwa wake. Kanisa zima lilitamka "utuopoe maovuni" likanyamaza. Yeye akasonga mbele kwa sauti yake nene ya kwaya: "Kwa kuwa ufalme ni..." Alipogundua yuko peke yake alimeza yaliyobaki na kujifanya anakohoa. Watoto wa mbele waligeuka wote.

Halafu kibao kikageuka. Tulipata msiba upande wao, tukapanda Machame kwa basi dogo, tukakaa chini ya turubai na vitenge vyetu vya WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki. Mchungaji akasema tuombe kama Bwana alivyotufundisha. Tulianza pamoja vizuri tu, ila kufika "ufalme wako" sauti zikaachana: wao "uje", sisi "ufike". Wao "mapenzi yako yatimizwe", sisi "utakalo lifanyike". Wao wakaomba riziki, sisi mkate wa kila siku. Mwishoni sisi tukasema "Amina" kwa nguvu, wao wakaendelea na ufalme, nguvu na utukufu hata milele, nasi tukabaki tunatazama viatu vyetu.

Kilimanjaro jambo hili haliepukiki. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Kilema mwaka 1891, na Walutheri wa Leipzig wakaingia mlimani mwaka 1893. Kijiji kikashika dhehebu la misheni iliyokuwa karibu, na tangu hapo watu wanaoana kuvuka mabonde. Kwa hiyo karibu kila harusi na kila mazishi yana watu wa "Amina" ya mapema na watu wa "Amina" ya baadaye.

Ukiuliza sababu utapewa majibu mawili. Mlutheri atakwambia Wakatoliki wamekata maneno ya Yesu. Mkatoliki atakwambia Waprotestanti wameongeza ya kwao. Wote wawili wanasema kwa uhakika, na wote wawili wamekosea.

Anza na Biblia yenyewe. Sala hiyo imo mara mbili: Mathayo 6 na Luka 11. Kwa Luka ni fupi na maneno ya ufalme na utukufu hayamo kabisa. Kwa Mathayo, fungua Biblia ya Kiswahili ya Union Version, ile ya mwaka 1952 ambayo Walutheri, Waanglikana na Wamoraviani wengi wamekulia nayo. Tazama mstari wa 13 taratibu. Baada ya "utuokoe na yule mwovu" kuna mabano ya mraba, na sentensi nzima ya "Kwa kuwa ufalme ni wako" imefungiwa humo ndani. Nimewaonyesha watu kadhaa wanaosoma Biblia hiyo tangu utoto, na wengi hawakuwahi kuyaona yale mabano. Jicho linasoma kile ambacho mdomo unakijua tayari.

Mabano yamewekwa kwa sababu nakala za kale zaidi za Mathayo hazina maneno hayo. Mbili zinazojulikana zaidi ni za karne ya 4: Codex Vaticanus, iliyohifadhiwa Vatikani, na Codex Sinaiticus, iliyokaa karne nyingi kwenye monasteri ya Mtakatifu Katarina chini ya Mlima Sinai na ambayo sehemu yake kubwa sasa iko London. Katika zote mbili, sala inaishia kwenye kuokolewa na mwovu. Vulgata, Biblia ya Kilatini ambayo Jeromu aliishughulikia kuanzia mwishoni mwa karne hiyo hiyo, nayo haina. Kanisa la Magharibi lilisali kwa Kilatini kwa zaidi ya miaka elfu moja, likaishia pale Kilatini kilipoishia. Hakuna aliyekata kitu.

Lakini usikimbilie kusema basi Waprotestanti ndio walioongeza. Maneno hayo ni ya kale kuliko Uprotestanti, na ni ya kale hata kuliko hizo nakala mbili. Kuna kitabu kidogo cha mafundisho ya Wakristo wa mwanzo kiitwacho Didake, ambacho wataalamu wengi hukiweka mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa ile ya 2. Kilikuwa kimepotea, hadi askofu mmoja wa Kiorthodoksi, Philotheos Bryennios, alipokikuta ndani ya nakala ya zamani mjini Konstantinopoli mwaka 1873. Kinawaagiza waamini wasali "Baba Yetu" mara tatu kwa siku, na mwisho wake unakaribia sana ule wa shemeji yangu, isipokuwa unataja nguvu na utukufu tu. Ufalme haumo.

Hapo ndipo siri ilipo. Ukilinganisha tafsiri za kale, mwisho huo unabadilika-badilika: ile ya kale ya Kisiria ina ufalme na utukufu, ya Kikopti ina nguvu na utukufu, na nakala za Kigiriki za baadaye zina vyote vitatu. Maneno yaliyotoka mdomoni mwa mtu mmoja na kuandikwa mara moja hayatangatangi namna hiyo. Yanayotangatanga ni yale yanayosemwa na watu wengi kwa kuyazoea. Wayahudi walikuwa na desturi ya kufunga sala kwa sifa, na Wakristo wa kwanza walikuwa Wayahudi. Maneno ya sifa walikuwa nayo tayari: katika 1 Mambo ya Nyakati 29:11 Daudi anamwambia Mungu kwamba ukuu, uweza na utukufu ni wake. Basi kiongozi alipomaliza sala, watu walijibu kwa sifa, kama kwaya inavyopokea kiitikio.

Sasa mfikirie mnakili anakopi Mathayo kwa mkono. Sala hii anaisali kila siku. Anafika "yule mwovu", na kalamu inaenda yenyewe mahali mdomo ulikozoea kwenda. Au pengine mwenzake aliandika jibu la waamini pembeni mwa ukurasa, na aliyenakili baada yake akaliingiza ndani akidhani limesahaulika. Kitendo kama hicho hakihitaji hila wala uzushi.

Nakala nyingi za Kigiriki za karne za baadaye zikawa nalo. Mwaka 1516 mwanazuoni Erasmo alipochapisha Agano Jipya la Kigiriki mjini Basel, alitumia nakala chache tena za karibuni, na jibu la waamini likapita. Martin Luther alitafsiri kutoka hapo, Agano lake Jipya la Kijerumani la mwaka 1522 likawa nalo. Ila (na hapa ndipo shemeji yangu aliponyamaza nilipomweleza) Katekisimu Ndogo ya Luther ya mwaka 1529, iliyotungwa ili baba awafundishe watoto nyumbani, haikuwa nayo. Baada ya ombi la kuokolewa inaenda moja kwa moja kwenye "Amina". Luther alifundisha "Baba Yetu" ya Kibosho. Waanglikana nao Kitabu chao cha Sala cha mwaka 1549 hakikuwa na mwisho huo. Kile cha 1662 kinao mahali fulani, na mahali pengine hakina.

Wakatoliki nao wasijidai. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikani, ule mkutano mkuu wa maaskofu, misale (kitabu cha sala za misa) iliyochapishwa mwaka 1970 iliweka maneno yale yale ndani ya misa. Watu husali hadi "maovuni" bila kusema "Amina", padre anaendelea peke yake akiomba tuopolewe katika maovu yote na tupewe amani, kisha kanisa zima linajibu: "Kwa kuwa ufalme ni wako, na nguvu, na utukufu, hata milele." Tunalisema kila Jumapili, kama jibu la waamini, jinsi lilivyoanza. Waorthodoksi wana njia yao ya tatu: watu husali sala, kisha kasisi peke yake hutamka ufalme, nguvu na utukufu, akimtaja Baba, Mwana na Roho Mtakatifu.

Na zile tofauti nyingine za katikati? Hizo ni za watafsiri. "Deni zetu" ni sahihi kwa sababu Mathayo wa Kigiriki anatumia neno la deni. Anayesema "makosa" naye hajapotea, maana Luka anataja dhambi. "Yule mwovu" na "maovuni" yanatoka kwenye neno moja la Kigiriki ambalo kwa umbo lake linaweza kumaanisha mtu au kitu. Hapo hata ungewakutanisha maprofesa kumi, wasingemaliza.

Mimi naona mabishano mengine ya madhehebu yana uzito wake. Ubatizo wa watoto, mamlaka ya Papa, Ekaristi: hayo hayamalizwi chini ya turubai. Hili la mwisho wa "Baba Yetu" halimo katika orodha hiyo.

Siku ile ya msiba, tulipokuwa tunapanga foleni ya kunawa mikono, mama mmoja wa Machame alimuuliza shangazi yangu, kwa upole lakini kwa kumchokoza kidogo, kwa nini Wakatoliki hawampi Mungu utukufu wake. Shangazi alikung'uta maji mikononi.

"Tunampa, mama. Ila kwetu padre anatukatiza kwanza."

Wakacheka wote wawili, wakaingia kwenye foleni ya chakula.