Tele ya bure ya hewani: maana yake, na juu ya nini watu wanataka ilindwe

Tele ya bure ya hewani njo ile inakufikia na antene tu. Munara unatuma signali, wewe uko na tele, ao tele na dekoda ya TNT (tele ya numerike ya antene), unaikamata, basi. Hakuna forfe ya mwezi, hakuna mega. RTNC, tele ya taifa ya Kongo, njo mufano wenye kila mutu wa Lubumbashi anajua. Bure haiseme hakuna mwenye kulipa, serikali inalipa, matangazo ya biashara yanalipa, Uingereza kila nyumba yenye kuangalia inalipia leseni kila mwaka, lakini ukishawasha haulipe tena kwa kila saa yenye unaangalia.

Hapa njo kuko tofauti kubwa na intaneti. Munara ukirusha mechi ya Mazembe, waangalie watu kumi ao laki moja, gharama ni ile ile. Ku intaneti kila telefone inaomba video yake peke yake, watu wakiwa wengi mutandao unajaa, picha inaanza kuzunguka wakati wa penalti (mnajua wenyewe). Na mega zinaenda: Netflix yenyewe inasema saa moja ya picha ya kawaida inaweza kula mpaka giga 1, picha ya HD mpaka giga 3. Kwa hiyo chaneli inaweza kusema "tuko bure ku intaneti" na mama wa Katuba mwenye anaangalia habari kila magaribi bado analipa, ila anamulipa mutu wa mutandao.

Ulaya mabishano yameanza zamani. Uswisi, televisheni ya taifa ilizima TNT yake mwaka 2019, sababu wenye kutumia antene walikuwa wamebaki wachache sana. Uingereza Freeview ya antene iko tangu 2002, na mwaka 2024 BBC, ITV, Channel 4 na 5 wakaleta Freely, chaneli zile zile za bure lakini kupitia intaneti ya nyumba. Mwaka huo huo Ofcom, wenye kusimamia mambo ya tele kule, wakaweka njia tatu mezani: kuweka pesa minara iendelee, kubakisha chaneli chache za lazima tu, ao kuzima yote kisha 2030. Miye ile ya pili naiona ya hatari, juu chaneli zikipunguka watu wanatoka, wakitoka wanasema munara unakula pesa ya bure.

Kulinda tele hii haiko kukataa intaneti, ni kulinda frekanse, ni kusema njia za hewani zenye signali inapitia. Zile za megahertzi 470 mpaka 694 kampuni za telefone zinazitamani sana. Mukutano wa dunia wa kugawa frekanse, Dubai, 2023, uliziacha kwa tele kwanza huku Afrika na Ulaya, na jambo lenyewe linarudi mezani 2031.