Maana ya "kujitoa mhanga" vitani

Katika taarifa za habari tunazozisikia hapa Nairobi, maneno "kujitoa mhanga" hutumiwa kwa askari aliyeuawa akiwakinga wenzake, na hutumiwa vilevile kwa mtu aliyejifunga mabomu ili awaue wapita njia. Watu hawa wawili hawastahili kuitwa jina moja, na jiji lililozika watu wake baada ya mashambulizi ya aina hiyo lina haki ya kudai maneno yatenganishwe.

Mhanga ni kinachotolewa kuwa sadaka. Askari anayejitoa mhanga hatafuti kifo; anatafuta wenzake wavuke salama, majeruhi aondolewe, adui azuiwe, na yuko tayari kulipa kwa uhai wake iwapo njia nyingine haipo. Mpe njia ya kuyatimiza hayo na kurudi nyumbani, ataishika mara moja. Kwa anayejilipua, kifo chenyewe ndicho silaha. Ujasiri, yaani kule kuthubutu, hata jambazi anao. Ushujaa hudai pia kwamba anayethubutu awe anamlinda mtu.

Tarehe 19 Mei 1941, huko Kolito nchini Ethiopia, Sajini Nigel Leakey, Mkenya wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, aliona vifaru vya Waitalia vikiwajia askari waliokuwa wamevuka mto Billate. Alikirukia kimoja kilichokuwa kikija kutoka nyuma yao, akafungua kifuniko kwa nguvu, akawapiga risasi waliokuwa ndani isipokuwa dereva, ambaye alimlazimisha akiendeshe mpaka mafichoni. Alipoona hawezi kuutumia mzinga wa kifaru hicho, alitoka kwenda kuvikabili vifaru vingine kwa miguu, na huko ndiko alikouawa. Alitunukiwa mwaka 1945 Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Waliofaidika walikuwa wale waliovuka mto. Bila wao, kuruka kwake kungekuwa ujasiri mtupu.

Hata hivyo, si kila mhanga huonekana kwa kishindo cha namna hiyo. Kwenye mnara wa kumbukumbu wa Barabara ya Kenyatta hapa Nairobi, pamoja na sanamu za askari, yupo mpagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na maandishi ya hapo yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Walibeba chakula na risasi kwa kichwa, na wengi zaidi walikufa kwa malaria, kuhara na njaa kuliko kwa risasi. Hapa pana jambo linaloniuma: wengi walichukuliwa kwa nguvu, na aliyetolewa na wengine hakujitoa. Kumwita shujaa ni sawa, kwa kuwa alibeba mzigo ulioweka hai watu waliokuwa mbele yake. Kusema alijitoa mhanga ni kuficha aliyemtoa. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na ndicho kilichoacha jina la mtaa wa Kariokor hapa Nairobi.